Upepo wa Turkana na Wenyeji Wake

Tarehe 19 Julai 2019, Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa akiiongoza Kenya wakati huo, alifika Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, kusini-mashariki ya Ziwa Turkana, akazindua rasmi kituo cha kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo. Vinu 365 vilikuwa vimekwisha simikwa katika nyika ile ya mawe meusi, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kutoa kilowati 850, na vyote kwa jumla megawati 310. Vifaa vyake vilisafirishwa kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, safari ya kiasi cha kilomita 1,200. Gharama ya kazi yote ilizidi Euro milioni 600, na ilielezwa kwamba watu binafsi walikuwa hawajapata kutia mtaji mkubwa kiasi hicho katika mradi mmoja nchini Kenya.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu ambayo mfugaji ye yote wa huko angeweza kuieleza bila ya kupima kitu. Kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia kuna bonde, na upepo utokao Bahari ya Hindi upande wa kusini-mashariki hubanwa humo kama maji yanavyobanwa katika mfereji mwembamba. Ufikapo baina ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru huwa umepata kasi ya wastani wa kilomita 40 kwa saa, nao huvuma karibu mwaka mzima. Kwa mwenye mbuzi na ngamia upepo huo ni adha: huondoa mapaa ya vibanda na kujaza macho mchanga. Kwa mtaalamu wa umeme ni mgodi usiokwisha.

Haifai kuibeza kazi hiyo. Nchi ya Kenya haina maporomoko mengi makubwa ya maji, na kwa miaka mingi kila ukame ulipoingia ililazimika kuchoma mafuta yaliyonunuliwa nje kwa fedha za kigeni ili viwanda vyake visisimame. Hivi leo kiasi cha asilimia 90 ya umeme inaouzalisha hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Nchi nyingi tajiri, zenye kuhubiri sana habari za hali ya hewa, hazijafika hapo. Ndugu zetu wa Kenya wana haki ya kujivuna.

Hata hivyo, swali lililozuka Marsabit si la ufundi, wala haliwahusu Wakenya peke yao. Swali ni hili: umeme unapozalishwa katika ardhi ya watu, watu hao wanapata nini, na ni nani aliyewauliza?

Tuanze na jambo lionekanalo kwa macho. Njia ya umeme itokayo Loiyangalani huenda zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, karibu na Nairobi, ikapeleka nguvu hizo katika gridi ya taifa. Nyaya hupita juu ya mazizi na visima vya Wasamburu, Warendile na Waturkana, na watu walio chini yake huendelea kuwasha kuni na vibatari. Mtu asiyejua huuliza, kwa nini wasiunganishwe pale pale? Jibu ni kwamba njia yenye msongo mkubwa kama ile haichomolewi waya kama wa nyumbani. Hapana budi kijengwe kituo cha kupozea umeme, chenye transfoma za bei kubwa, ndipo ziwekwe nguzo ndogo ndogo za kwenda vijijini. Kwa kijiji cha wafugaji wanaohamahama, gharama hiyo haitarudi kwa ankara za umeme hata kwa miaka 100. Jibu hilo ni la kweli. Lakini ni kweli vile vile kwamba gharama za kituo hicho cha kupozea zingekuwa tone tu katika ndoo ya Euro milioni 600, kama mtu angeketi mapema na kuziandika katika hesabu.

Hazikuandikwa, na sababu yake inaonekana katika historia ya ardhi yenyewe. Mwaka 2007, Halmashauri ya Marsabit iliikodisha kampuni ya upepo ardhi yenye ukubwa wa ekari 150,000, kwa muda wa miaka 33 unaoweza kuongezwa. Wakati ule ardhi hiyo ilihesabiwa kuwa ardhi ya amana, maana yake Halmashauri haikuwa mwenye mali bali mtunzaji tu, akiishika kwa niaba ya wakazi. Sheria ilitaka mtunzaji huyo, kabla ya kuitenga ardhi kwa kazi nyingine, atoe tangazo, asikilize wenyeji, na fidia ipangwe. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba vinu vyote 365, pamoja na barabara zake, vinakalia sehemu ndogo mno ya ekari hizo. Sehemu nyingine yote ni malisho ambamo mifugo bado inapita. Lakini hatimiliki haisemi ni wapi pamesimama kinu na ni wapi panalala mbuzi. Inasema ekari 150,000.

Mwaka 2014, wakati ujenzi unaanza, baadhi ya wakazi wa Laisamis na Karare walikwenda mahakamani. Haikuwa kesi ya kudai vinu ving'olewe. Walidai kwamba ardhi yao ilitolewa bila ya wao kushirikishwa. Kesi ilichukua miaka saba. Vinu vilisimikwa, njia ya umeme ikajengwa, Rais akaja na kuondoka, na faili lilikuwa bado mezani. Hatimaye tarehe 19 Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ilitamka kwamba hatimiliki zile zilipatikana bila ya kufuata sheria, ikatoa muda wa mwaka mmoja kasoro zirekebishwe, la sivyo zifutwe. Mwezi Mei 2023 mahakama hiyo ilikataa kuongeza muda. Kampuni haikuridhika na hukumu, na siku zote hizo upepo ulivuma na umeme ukauzwa.

Linganisha hali hiyo na jambo jingine lililotokea katika mradi ule ule. Vinu vilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kwenda Suswa, ambayo ilikuwa wajibu wa Serikali, haikuwa tayari, kwa sababu mkandarasi wake kutoka Hispania alifilisika. Ikakamilika mwaka 2018. Je, kampuni ilipata hasara kwa kusubiri? La. Mkataba wa kuuziana umeme, wa miaka 20, ulikuwa na kifungu kilichosema kwamba endapo umeme utakuwa tayari na usichukuliwe, mnunuzi atalipa kama kwamba ameuchukua. Mabilioni ya shilingi yakawa deni la umma wa Kenya kwa ajili ya umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Hapana haja ya kumlaumu mwenye mtaji kwa kifungu hicho: aliajiri wanasheria hodari, nao walifanya kazi yao. Jambo la kutafakari ni kwamba mchelewo wa njia ya umeme uliwekewa kifungu, na ukachukuliwa kuwa jambo zito la kulipiwa fidia. Mchelewo wa miaka saba wa mfugaji aliyesubiri kuambiwa kama ardhi ni yake au si yake haukuwa na kifungu po pote.

Kampuni, kwa upande wake, ina maelezo yanayostahili kusikilizwa. Ilitengeneza barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis hadi eneo la mradi, mahali ambapo zamani safari ya kwenda kuuza mbuzi ilikuwa ni ya siku nzima na zaidi. Wakati wa ujenzi watu zaidi ya 2,000 walipata kazi, wengi wao wenyeji. Mfuko wa hisani ulioundwa na kampuni umejenga madarasa, umechimba visima na kusaidia zahanati. Barabara ile peke yake imebadilisha bei ya unga na ya mbuzi, na mwenye kukataa hilo hajapata kuishi mbali na barabara.

Hata hivyo, kazi za ujenzi zilikwisha pamoja na ujenzi. Kituo cha upepo kikishasimama huhitaji mafundi wachache na walinzi. Mamia ya vijana waliokusanyika katika kijiji cha Sarima, ambacho chenyewe kilisogezwa ili kupisha malori, walijikuta hawana mshahara wala mifugo waliyokuwa wameiacha. Na kisima kilichochimbwa kwa hisani ni kizuri, lakini mtoaji wa hisani ndiye aamuaye kichimbwe wapi na lini, na kama mwaka ujao kitachimbwa kingine. Mpokeaji hana la kusema zaidi ya asante. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji amepona kwa kadiri ya ukarimu wa mgeni, na si kwa kadiri ya haki yake mwenyewe.

Inafaa kukumbusha kwamba vinu vile vya Loiyangalani vimeundwa na kampuni ya Denmark, na kwamba mifuko ya maendeleo ya Denmark, Norway na Finland ilikuwa miongoni mwa watia mtaji. Huko Denmark kwenyewe, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009 iliwalazimisha wenye kujenga vinu vya upepo kuwauzia wananchi si chini ya asilimia 20 ya hisa, na waliopewa nafasi ya kwanza ni wale waliokaa kilomita nne na nusu kutoka kwenye kinu. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2020, na badala yake majirani wa vinu wakawekewa utaratibu wa kulipwa kila mwaka. Kwa hiyo, katika miaka ile ile ambayo vinu vilikuwa vikipandishwa kwenye meli kuja Mombasa, mkulima wa Denmark aliyeviona kutoka dirishani mwake alikuwa na haki ya kununua hisa, na mfugaji wa Kirendile alikuwa na haki ya kusubiri kisima. Mashine ni zile zile. Kilichokosekana katika meli ni sheria.

Si kila mahali nchini Kenya wenyeji walikuwa wanyonge. Katika nyanda za Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, kulikusudiwa kujengwa vinu 38 vya megawati 60. Huko watu si wafugaji wa ardhi ya amana. Ni wakulima wa viazi, kabichi na maziwa, wenye vishamba vidogo na hati zao kabatini. Baadhi walikubali kukodisha, majirani zao wakakataa. Zikaenea habari za maradhi yaletwayo na vinu, nyingine zisizo na msingi wo wote wa kitaalamu. Lakini uvumi hustawi mahali ambapo maelezo hayakufika, na wanasiasa nao hawakukosa kuupalilia. Mapema mwaka 2015 maandamano yaligeuka ghasia na mtu mmoja akapoteza maisha. Februari 2016 wenye mradi walitangaza kwamba fedha zimekwisha kabla ya kusimamisha hata kinu kimoja, nao wakaufuta. Mradi uliokadiriwa kufikia dola milioni 150 ulishindwa, na wananchi hawakubaki na chochote. Wako wanaouita huo ushindi wa umma. Ukiutazama kwa makini, ni vigumu kumwona aliyeshinda.

Katika Olkaria, karibu na Naivasha, habari ni ndefu zaidi. Mvuke wa ardhini ulianza kuendesha mtambo huko mwaka 1981, na sasa Kenya inaongoza Afrika nzima kwa umeme wa namna hiyo. Kwa ajili ya kituo cha Olkaria IV, kilichozinduliwa mwaka 2014, vijiji vinne vya Wamasai vilihamishwa, zaidi ya watu 1,000, wakapelekwa mahali papya penye nyumba za matofali, shule, na ardhi ya ekari 1,700. Kwa hesabu ya karatasi, walipata zaidi ya walichoacha. Lakini baada ya miezi michache tu wenyewe walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokopesha fedha: ardhi mpya ina makorongo, mvua ikinyesha barabara haipitiki, wengine hawakuhesabiwa, na hatimiliki waliyoahidiwa haijafika.

Wachunguzi wa Benki ya Dunia walipokwenda mwaka 2015 walikuta kasoro ambayo mtu wa Afrika hahitaji kuelezwa mara mbili. Lugha ya Kimasai haikutumika vya kutosha katika mikutano, na baraza la wazee halikupewa nafasi yake, kwa sababu iliundwa kamati mpya kwa ajili ya mradi. Mzee aliyezoea kuamua mambo ya malisho kwa kukaa chini ya mti na kusema kwa zamu, aliwekewa mbele yake makaratasi ya Kiingereza na mwenyekiti wa kamati. Ati huko ndiko kushirikishwa! Baadaye ulifanyika usuluhishi kati ya wanavijiji na kampuni ya umeme ya KenGen, na mwaka 2016 wakatia sahihi mapatano yaliyohusu mambo kama barabara na hati ya ardhi. Yafaa kuwasifu wote wawili kwa kuketi. Lakini mapatano hayo yalipatikana baada ya watu kuhama, yaani wakati ambapo silaha kubwa kuliko zote ya mwenyeji, ile ya kusema hapana, ilikuwa imekwisha toka mkononi mwake.

Serikali ya Kenya haikukaa kimya. Katiba ya mwaka 2010 iliagiza kwamba faida za maliasili zigawanywe kwa haki. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Jamii, ambayo inawapa wenyeji nafasi ya kuiandikisha ardhi yao kwa jina lao wenyewe badala ya kushikiwa na halmashauri. Na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaweka mrabaha juu ya mvuke wa ardhini: kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani ya nishati katika miaka 10 ya kwanza, na kati ya asilimia 2 na 5 baadaye. Mrabaha huo hugawanywa, asilimia 75 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya mahali penyewe.

Ni vema kuifanya hesabu hiyo polepole. Chukua mvuke wenye thamani ya Sh. 100. Mrabaha wa miaka ya mwanzo, ukiwa wa juu kabisa, ni Sh. 2.50. Asilimia 5 ya hizo ni senti 12 na nusu. Ukiwa wa chini, ni senti 5. Hata baada ya miaka 10, jamii haiwezi kupata zaidi ya senti 25 katika kila Sh. 100. Senti hizo si chochote? La hasha, mitambo ya Olkaria ni mikubwa, na senti nyingi hujaza kibubu. Tena zina ubora ambao hisani haina: zimeandikwa katika sheria, na mwenyeji anaweza kuzidai mahakamani. Lakini fungu hilo linahusu mvuke tu. Upepo wa Loiyangalani haumo.

Mahali ambapo upepo umeleta malipo ya kudumu ni Kipeto, katika Kaunti ya Kajiado, si mbali na Nairobi. Vinu 60 vya huko, vyenye jumla ya megawati 100, vilianza kuuza umeme mwaka 2021. Wamasai wa Kipeto walikuwa wamekwisha gawana ranchi yao zamani, kila familia na hati yake. Kwa hiyo kampuni haikuwa na halmashauri ya kuendea. Ililazimika kupita boma kwa boma. Wenye ardhi wanalipwa kodi na sehemu ya mapato ya kinu, familia zilizokuwa karibu mno na vinu zilijengewa nyumba nyingine, na asilimia 5 ya gawio imetengwa kwa mfuko wa jamii. Tofauti ya Kipeto na Marsabit si tabia njema ya kampuni moja na ubaya wa nyingine. Tofauti ni karatasi iliyokuwa mkononi mwa mwenyeji siku mgeni alipobisha hodi.

Lakini hata karatasi ina madhara yake. Hati ya Kipeto, kama zilivyo hati nyingi za ranchi zilizogawanywa, mara nyingi imeandikwa jina la mume. Mke aliyeishi hapo miaka 30 hana jina humo, na jirani ambaye kinu kimemkosa kwa mita 200 husikia mlio wake usiku bila ya kupokea kodi. Ndiyo maana neno hili "jamii", linalotajwa kwa wepesi katika kila hotuba, lina uzito linapofika kwenye fedha. Huko Marsabit jamii ni nani? Ni Waturkana wa Sarima, ambao kijiji chao kilihamishwa? Ni Warendile na Wasamburu waliofungua kesi? Ni Waelmolo, wavuvi wachache wa kandokando ya ziwa? Au ni kijana aliyefika juzi kutafuta kibarua? Watu hao wamepata kupigania malisho kwa miaka mingi, na kazi zilipokuwa zikigawanywa, kila upande ulihesabu vichwa vya mwenzake. Mradi usioamua mapema nani ahesabiwe huwaachia wenyeji waamue kwa rungu.

Kuna njia nyingine ambayo hupigiwa ngoma mara chache, pengine kwa sababu ni ndogo. Katika kijiji cha Mbuiru, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya, watu wa kaya kiasi cha 200 walijenga mtambo wa maji uitwao Tungu-Kabiri kuanzia mwisho wa miaka ya 1990. Msaada wa fedha na utaalamu ulitoka nje, na Wizara ya Nishati iliwaunga mkono. Lakini wanakijiji walinunua hisa, na kila Jumanne walitoka kwa majembe kuchimba mfereji na kubeba mawe. Mtambo wao ni wa kilowati 18. Kile kituo cha Loiyangalani kina uwezo mara elfu 17 ya huo. Kwa kuwa kilowati 18 hazitoshi nyumba 200, waliamua umeme uanzie mahali pamoja pa biashara: kuchaji betri, kuchomelea vyuma, kinyozi. Uamuzi huo haukutolewa Nairobi wala Ulaya. Ulitolewa na wale wale waliobeba mawe.

Na mtu asiseme kwamba ushirika hauwezi kupita kilowati 18. Katika Mto Gura huko Nyeri kuna mtambo wa zaidi ya megawati 5 ambao ni mali ya viwanda vinne vya chai, na viwanda hivyo ni mali ya wakulima wadogo wenye hisa, wale wanaopeleka majani mabichi kwa kikapu. Umeme hukausha chai yao, na ziada huuzwa kwenye gridi. Bei ya umeme ikishuka, au ziada ikiuzwa, faida huonekana katika malipo ya mwisho wa mwaka ya mkulima. Wakulima hao walikuwa na jambo moja ambalo wafugaji wa Marsabit hawakuwa nalo: chombo chao wenyewe, chenye vitabu vya hesabu na uwezo wa kukopa, kilichokuwapo miaka mingi kabla ya wazo la umeme.

Kwa Tanzania mambo haya hayako mbali. Gridi za nchi hizi mbili sasa zimeunganishwa kupitia Namanga, hivyo upepo wa Turkana na maji ya Rufiji huweza kukutana katika waya mmoja. Singida ina upepo ambao watia mtaji wameuzungukia kwa miaka mingi. Huko Kiejo-Mbaka, mkoani Mbeya, visima vya utafiti wa mvuke vilichimbwa mwaka 2021. Na huko Ludewa, watu wa Mawengi na vijiji jirani wana mtambo wao wa maji wa kilowati 300, unaoendeshwa na chombo cha watumiaji wenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa manufaa ya umma, na ikiwa haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, anayeamua ni Waziri, baada ya kupata maoni ya mkutano huo. Ekari 150,000 za Marsabit, kwa kipimo hicho, ni zaidi ya hekta 60,000.